Simu Moja ya Avenue Matete

Ninyi mnaoingia komini mwaka huu na tarakilishi zenu kwapani, kabla hamjanicheka kwa viatu hivi, nisikilizeni kwanza. Viatu hivi vina soli ya tairi. Nilishonewa na fundi mmoja wa Kipushi mwaka ule niliostaafu, nikidhani kuanzia hapo nitakwenda misa na kurudi nyumbani tu. Nilijidanganya. Nilikaa nyumbani miaka miwili nikimkera mke wangu kwa kumweleza namna ya kupanga sufuria zake, kisha komini ikaniita tena, na mke wangu ndiye aliyeshukuru kwa sauti kubwa kuliko wote. Nikavaa viatu vya tairi nikaingia kwenye kazi ya akili bandia. Ndiyo, mimi Papa Ilunga, ambaye mpaka leo nabonyeza simu kwa kidole kimoja kama mtu anayeonja pilipili.

Kazi yangu kwa zaidi ya miaka thelathini ilikuwa moja tu: kujua watu wanasema nini. Nilikuwa karani wa malalamiko katika ofisi ya komini moja, yaani tarafa ya jiji, hapa Lubumbashi. Jina lake nitaliacha, kwa sababu bado napita pale kuomba saini za pansheni na sitaki kusubiri zaidi ya ninavyosubiri sasa. Dirisha langu lilikuwa la tatu, mkono wa kushoto. Watu walileta kila kitu: mpaka wa parsele, yaani kiwanja cha mtu, mbuzi wa jirani, bomba lililokauka, mume aliyekwenda Kolwezi akasahau njia ya kurudi. Niliandika yote.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Papa Mwamba, katibu wa komini, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku yangu ya kwanza alisimama nyuma yangu nikimhudumia mzee mmoja aliyelalamika kwamba jirani yake ana jogoo asiyejua saa. Nikaandika jogoo, nikapiga muhuri, nikamwambia mzee aende salama. Papa Mwamba akaniminya bega.

“Bado,” akasema kwa sauti ya chini. “Muache asimame.”

Mzee akasimama. Akavaa kofia yake. Akafika mlangoni, akashika komeo, kisha akageuka. “Na tena,” akasema, “mayi ya kisima yetu iko inanuka, na batoto ya avenue beko banahara.” Hilo ndilo lililomtoa nyumbani. Jogoo alikuwa mlango tu wa kuingilia.

Lishikeni hilo hata kama mtasahau mengine yote. Mtu wetu hakuletei jambo lake kubwa mkononi. Anatanguliza salamu, anatanguliza dogo, na kubwa linatoka akiwa amesimama. Karani anayefunga daftari mapema anabaki na majogoo.

Sasa basi, mashine. Aliyeileta alikuwa Kapinga, binti wa watu wa Kasaï aliyezaliwa hapa hapa mjini. Mama yake anauza vitenge katikati ya jiji, na yeye amesoma mambo ya tarakilishi chuo kikuu. Ana macho makali na haogopi mtu. Komini ilitangaza namba moja ya simu, wakazi wakaambiwa: tumeni ujumbe wa sauti, semeni mnataka nini. Mashine ya Kapinga inasikiliza, inageuza sauti kuwa maandishi, inapanga mambo yanayofanana mahali pamoja, inahesabu, kisha inachora ramani yenye vidoa. Mimi niliitwa kama msimamizi, maana yake mzee wa kuweka saini chini ya ripoti.

Ripoti ya kwanza tuliisoma pamoja asubuhi moja, chai mkononi. Mstari wa kwanza ulisema hivi: jambo linalowashughulisha wakazi wa komini kuliko mengine yote ni afya ya bourgmestre, mkuu wa komini, na ya familia yake.

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Kapinga akanuna. “Papa, juu ya nini unacheka? Mashine imesikiliza audio yote.”

“Inasikiliza mwanzo, mwanangu. Mwanzo ni salamu. ‘Mama Bourgmestre uko muzima? Batoto beko bazima? Bwana eko muzima?’ Umeleta mashine isiyojua kubisha hodi.”

Nikamsimulia habari ya mzee na jogoo. Kapinga ana sifa moja ambayo wasomi wengi hawana: ukimwonyesha kosa, ananuna dakika tano tu, halafu anafanya kazi. Alasiri ile ile aliifundisha mashine kutega sikio zaidi mwishoni mwa ujumbe, hasa pale mtu anaposema “na tena”. Kesho yake bourgmestre na familia yake walikuwa wamepona, na wakazi walikuwa na shida za maji, giza na takataka kama binadamu wengine.

Nasema haya ili msidhani mimi ni mzee wa kuchukia vitu vipya. Mashine ile niliiheshimu. Haichoki, hainuni, haipokei kuku. Kazi niliyokuwa nafanya kwa miezi mitatu inaimaliza kabla maharage hayajaiva. Nilipoona inavyosikiliza bibi wa miaka themanini anayechanganya Kiluba, Kifaransa na kikohozi, nilimkumbuka Papa Mwamba na miwani yake ya uzi, nikasikitika kwamba hakuiona.

Lakini ilikuja wiki ya ripoti ya mvua.

Komini ilikuwa na uwezo wa kufanya kazi moja tu kabla ya mvua za Novemba. Ama kuweka taa kwenye avenue ya Soko, kule juu kwenye mabaa na maduka, ama kuchimba kanivo, mtaro wa kupitisha maji, kwenye avenue Matete, kule bondeni. Baraza lilisema wananchi wenyewe waamue kwa sauti zao. Siku ya Alhamisi Kapinga alinifungulia ramani. Avenue ya Soko ilijaa vidoa vyekundu kama mtoto mwenye surua. Avenue Matete ilikuwa na kidoa kimoja.

“Moja?” nikauliza.

“Moja, Papa. Matete haina shida, labda.”

Nilijua Matete ni avenue ndefu, yenye watu wengi kuliko Soko. Nilijua pia kwamba maji yote ya juu yanashuka pale. Na nilijua jambo jingine, ambalo sikuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mke wangu.

Hapa inabidi niwarudishe nyuma, miaka ambayo kichwa changu kilikuwa bado na nywele na kiburi.

Wakati ule hapakuwa na simu mikononi, malalamiko yalikuja kwa barua. Na mimi nilikuwa bingwa wa kukamata barua za uongo. Mara moja mtu mmoja aliyetaka kiwanja cha kanisa lake alileta orodha ya waumini, majina kibao, nikagundua ni mwandiko mmoja, na nusu ya majina yalikuwa ya marehemu. Bourgmestre wa siku zile alinisifu mbele ya wote. Tangu siku hiyo nilitembea komini nzima kifua mbele. Papa Mwamba alikuwa ameshakwenda pansheni, hapakuwa tena na mtu wa kuniminya bega.

Basi mwaka mmoja, mvua zikikaribia, dirishani pangu pakafika bunda la barua kutoka Matete, thelathini na kitu. Zote zilisema mtaro umejaa udongo, kuta zinalowana, tunaomba komini ije. Nikazifungua mbili, tatu, nne. Mwandiko mmoja. Wino mmoja wa buluu. Zote zikianza “Salamu katika Kristo”. Nikatabasamu peke yangu, nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika juu ya bunda: MTU MMOJA. Nikalitupa kabatini. Nilijisikia mwerevu sana siku ile, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mvua kubwa ilinyesha juma la pili. Maji yaliingia Matete, yakakaa kwenye misingi siku tatu, na ukuta mmoja wa tofali mbichi ukaanguka. Ulimwangukia Mama Anjelani akiwa anatandika kitanda cha wanawe. Alikuwa mke wa katekista wa mtaa, Papa Donatien.

Komini ilinituma kwenye kilio niiwakilishe. Mnajua kilio chetu kilivyo: turubai barabarani, viti vya kuazima, watu wanakaa siku nyingi, na hapo ndipo maneno ya kweli yanaposemwa, kwa sababu mtu aliyefiwa hana cha kuogopa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwafundisha makarani wapya: ukitaka kujua watu wanaonaje serikali, usiwaulize ofisini, nenda kwenye kilio ukae kimya. Siku hiyo nilikaa kimya kweli.

Papa Donatien alinipa kiti chake yeye mwenyewe. Alileta bukari, ugali wetu, na samaki wadogo wa kapenta, akanawa mikono kando yangu. Kisha akauliza, bila hasira hata kidogo, kama tulipata barua.

Nikasema tulipata, lakini zilikuwa za mwandiko mmoja.

“Eeh,” akasema. “Bantu ya hapa banajua kusema, habajue kuandika. Kila muntu alikuya ku nyumba yangu na maneno yake, nikaandika. Miye njo mukono yabo.”

Nikarudisha tonge kwenye sahani. Sikumwambia kuhusu kalamu nyekundu. Nilirudi ofisini nikalitoa bunda kabatini, nikalisoma barua moja moja kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Mwandiko ulikuwa mmoja, lakini watu walikuwa wengi. Mmoja alitaja mama yake kipofu. Mwingine alisema ameuza baiskeli anunue mifuko ya mchanga. Mwingine alimtukana bourgmestre kwa adabu. Nilichohitaji kilikuwa kusoma tu. Siku niliyostaafu niliondoka na bunda lile chini ya koti, jambo ambalo sheria hairuhusu, msiige.

Turudi kwa Kapinga na ramani yake. Nilimwuliza kidoa kile kimoja kimetoka wapi. Akabonyeza hapa na pale. Namba moja ya simu, akasema, imetuma audio nyingi, na mashine imezihesabu kuwa moja, kwa sababu ndivyo alivyoiagiza: namba moja, mtu mmoja.

“Papa, ile règle ya namba moja iko na maana yake,” akajitetea kabla sijasema neno. “Tukiiacha, muntu moja anatuma audio mia, na anashinda komini muzima.”

Na alikuwa na haki, vijana. Hapo ndipo penye shida. Hata mimi na kalamu yangu nyekundu nilikuwa na haki ya kuogopa orodha za uongo. Kosa letu wote wawili lilikuwa kuridhika na kanuni nzuri na kutokwenda kuangalia.

“Vaa viatu vya kutembea,” nikamwambia.

“Ripoti inaingia kesho asubuhi, Papa.”

“Ndiyo maana tunakwenda sasa.”

Matete ni mwendo wa nusu saa ukishuka. Kapinga alikuwa amevaa viatu vyeupe, Mungu amsamehe. Udongo mwekundu ulivimaliza kabla hatujafika nusu ya njia. Namba ile tulikuwa tumeipigia, na mwanamke akatuelekeza kwenye meza iliyo chini ya mwavuli, mahali wanapouza vocha na kuchaji simu kwa betri ya gari. Mwenye meza alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, kitambaa cha kijani kichwani. Alinitazama nikikaribia, akaacha kuhesabu vocha zake.

“Ni Papa Ilunga ya dirisha ya tatu,” akasema. “Ungali muzima.”

“Ningali. Weye ni nani, mama?”

“Georgette. Mutoto ya Donatien.”

Nilishika ukingo wa meza. Babake alikuwa ameshafariki, akaniambia, mwaka wa nne sasa.

Kapinga, ambaye hakujua lolote, akauliza alichokuja kuuliza: kwa nini audio zote zimetoka kwenye simu yake.

“Simu ingine itatoka wapi, mwana?” Georgette akamjibu. “Hapa bantu bengi beko na ile simu ya kubonyeza tu. Na bale beko na simu muzuri, habana mega ya internet. Njo banakuya hapa, kila muntu anasema yake, natuma. Sijalipisha hata moja.”

“Ungesema zamani kama ni bantu mbalimbali.”

“Kila muntu alisema jina yake na parsele yake. Mashine haina masikio?” Kisha akanigeukia mimi. “Papa yangu aliandika, mukakatala juu ya mukono ni moja. Miye natuma sauti, munakatala juu ya simu ni moja. Papa Ilunga, tutasema na nini? Tuambie, tutafanya.”

Hakupaza sauti. Mtoto wa katekista. Nilitaka kumwambia samahani, lakini nikasema neno moja tu: “Kesho.” Nikageuka kupanda mlima kwa kasi ambayo Kapinga alinilalamikia mpaka juu. Njiani nilimwambia yote, bunda, kalamu, Mama Anjelani. Tulipofika avenue ya Soko alisimama, akapangusa viatu vyake kwa jani la mgomba.

“Sauti ya bantu haifanane,” akasema. “Mashine inaweza kutenganisha sauti. Sikuiuliza, basi haikusema.”

Ijumaa asubuhi tuliingia kwa bourgmestre. Ni mama mwenye akili na uchovu, na hapendi maneno mengi. Ripoti ilikuwa mezani kwake, inangoja saini yangu tu. Nikasema siweki saini.

“Papa Ilunga,” akasema, “nilichukua mashine juu haina kabila, haina rafiki, haina shemeji ku Matete. Weye uko na shemeji kule?”

“Sina shemeji, Mama. Niko na barua.”

Nikaliweka bunda juu ya meza yake. Karatasi zimekuwa za manjano, na maneno yangu mekundu juu yake bado yanasomeka vizuri, wino wa zamani ulikuwa na nguvu. Nikamweleza mbele ya washauri wote, wengine wadogo kuliko watoto wangu, kwamba mwandiko ule mwekundu ni wangu, kwamba nililitupa kabatini, na kwamba mke wa aliyeziandika alikufa chini ya ukuta. Nikasema: ni kweli mashine haina shemeji, ila ina kanuni, na kanuni tumeiandika sisi. Mimi nilikosea peke yangu kwa kalamu moja. Sasa tunataka kukosea kwa komini nzima, na tena kwa haraka.

Mshauri mmoja akakohoa kwamba wakandarasi wanangoja. Bourgmestre alikuwa amefungua barua ya juu na anaisoma. Akasoma ya pili. Nilimwona akifika kwenye ile ya baiskeli, nikajua kwa namna alivyoishika.

“Mpaka Jumatatu,” akasema. “Na muniletee bantu, hapana vidoa.”

Siku tatu zile nilifanya kazi kuliko mwaka wowote wa utumishi wangu. Kapinga aliiuliza mashine swali jipya: sauti hizi ni za watu wangapi? Kidoa cha Matete kikaanza kupasuka, kikawa viwili, kikawa kumi, vikaendelea mpaka avenue yote ikafunikwa. Kapinga aliziba mdomo kwa mkono. Mimi nililia, nasema wazi, na sikujificha.

Halafu mashine ikatuonyesha upande wa pili, ambao hatukuuuliza. Kule avenue ya Soko sauti moja ilikuwa imetoka kwenye namba nyingi mno. Kapinga akanisikilizisha. Alikuwa mwenye baa moja, mtu mnene ninayemfahamu tangu ubatizo wake, na jenereta yake inasikika nyuma ya kila ujumbe. Alikuwa amenunua laini kibao za simu na kujifanya wakazi mbalimbali. Katika ujumbe mmoja alijifanya mjane, akipunguza sauti iwe nyembamba, “Miye mama masikini naogopa giza”, na mteja wake anasikika akiita bia mbili. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia. Lakini sikumchukia. Taa si kitu kibaya, na giza la pale juu linawaumiza watu kweli. Tulimhesabu mara moja, kama kila mtu.

Msidhani kisha tulikaa tukaiamini mashine. Mapacha wa parsele ya tisa iliwafanya mtu mmoja. Mama mwenye mafua aliyetuma Jumanne na kupona Ijumaa ilimfanya watu wawili. Tulitembea mlango kwa mlango, mimi na viatu vyangu vya tairi, Kapinga sasa na ndala za Georgette, na orodha mkononi. Tunabisha, tunasalimu kwanza, tunasikiliza, tunatia alama. Na kabla ya kuondoka tunasimama kidogo mlangoni, tunangoja ile “na tena”. Kapinga alijifunza kungoja. Nilimwona akiwa ameshika komeo, ametulia, na mama mmoja akamwambia jambo la mtoto wake mgonjwa ambalo halikuwa kwenye audio yoyote.

Jumatatu tulipeleka majina. Bourgmestre aliyasoma yote, akaweka saini yake, nami nikaweka yangu. Kanivo ikachimbwa. Sitawadanganya: fedha ziliishia kwenye parsele ya ishirini na mbili, na kipande cha mwisho mpaka mtoni watu wa Matete walikichimba wenyewe kwa majembe, siku mbili, Georgette akipiga kelele kuliko wote. Bunda la barua nilimpa yeye. Nilimwambia pia samahani, neno lile nililoshindwa kulisema mezani pake, lile lile ambalo babake hakulisikia kutoka kwangu. Alilipokea bunda kwa mikono miwili, akaliangalia lile neno jekundu, akalifunga ndani ya kitenge.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja siku ya Jumanne, saa tisa alasiri. Mnajua mvua yetu inavyokuja kutoka upande wa uwanja wa ndege wa Luano, ukuta mweusi, kisha huoni hata mti wa uani. Nilikuwa nyumbani. Nilikwenda dirishani na kurudi nikishindwa kukaa, mke wangu akaniambia nitatoboa sakafu. Mabati yalipiga kelele hata sikusikia simu, yeye ndiye aliyeniletea.

Ilikuwa namba ya Georgette. Ujumbe wa sauti, mrefu. Nikaisogeza simu sikioni.

“Miye Mama Vero, parsele ya kumi na ine. Mayi inapita mu kanivo. Tuko bazima.”

“Miye Kasongo, parsele ya sita. Ukuta iko imara. Tuko bazima.”

“Mapacha ya parsele ya tisa. Tuko babili, Papa, uambie mashine.” Vicheko, na nyuma yake sauti ya maji mengi yanayokwenda zake.

Waliendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, wamesongamana chini ya mwavuli ule, kila mtu jina lake na parsele yake. Nilitafuta karatasi, nikakosa, nikageuza kalenda ya parokia. Kalamu iliyokuwa karibu ilikuwa nyekundu. Nikaandika jina la kwanza, la pili, la tatu, mpaka nikafika kwa yule wa mwisho.

“Na tena,” akasema, “miye Georgette ya Donatien na Anjelani. Tuko bote. Hesabu, Papa Ilunga.”

Nikahesabu.